Maswali ya Wasomaji: Tangi la maji machafu chini ya karavani kuukuu

SWALI: Mafundi, salamu. Nimenunua karavani ya Kiingereza ya miaka ya 1960, ekseli moja, urefu wa futi 14. Maji ya sinki yanapita kwenye paipu iliyotokeza chini ya sakafu na kumwagika papo hapo. Nataka kuongeza bafu dogo pamoja na tangi la kubeba maji hayo ya sabuni, nisiwe namwaga ovyo ninapopaki karibu na ufuo. Tangi la maji safi ni la lita 75. Nianzie wapi? — Msomaji wa Casuarina, Malindi

JIBU: Anza na futikamba, tangi baadaye. Wengi hununua tangi kwanza kwa sababu wamelipata kwa bei nzuri, kisha wanagundua kwamba halina pa kukaa.

Pakia karavani kama inavyokuwa safarini, mtungi wa gesi na vyombo vyote ndani, isimamishe mahali palipo sawa, upime kutoka chini ya sakafu hadi ardhini. Tuseme umepata sentimita 45. Tangi la kina cha sentimita 15 na fremu ya kulibebea ya sentimita 4 vitakuachia 26, na hizo zinatosha kwa matuta ya barabarani na njia za mchanga. Tangi la kina cha sentimita 25 litakuachia 16, na kwa kuwa vali hutokeza chini zaidi, tuta la kwanza kali litaing'oa.

Kipimo cha pili ndicho kinachosahauliwa: mteremko kutoka tundu la bafu hadi mdomo wa tangi. Paipu ya maji machafu ya inchi 1½ inataka ishuke sentimita 2 kwa kila mita. Trapu, yaani ile kona ya paipu inayobaki na maji ili harufu isipande, inahitaji nafasi yake chini ya tundu, na mdomo wake wa kutokea huwa karibu sentimita 8 hadi 10 chini ya tundu. Sinki halina shida, liko juu. Bafu ndilo kazi. Sahani ya bafu, yaani ile unayoisimamia ukioga, ikikaa juu ya sakafu moja kwa moja, na tangi likibana sakafu kwa chini, trapu itatoa maji chini kuliko mdomo wa tangi, na maji hayapandi mlima. Inua sahani ya bafu kwa jukwaa la mbao la sentimita 10 hivi, uteremshe trapu kando ya tangi wala si juu yake. Utainamisha kichwa kidogo ukioga, lakini maji yatakwenda.

Kuhusu ukubwa, tangi la maji machafu lisiwe dogo kuliko la maji safi. Kwako wewe tunashauri lita 90, yaani tangi la sentimita 100 kwa 60 kwa 15. Hizo lita 15 za ziada ni za ndoo utakayopewa na jirani kambini. Haikupitia kwenye tangi lako la maji safi, lakini itaishia kwenye hili la chini.

Sasa uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi likijaa ni kilo 90, bila kuhesabu chuma cha kulibebea. Maji hayo mengi tayari ulikuwa unayabeba. Yanahama tu kutoka tangi moja kwenda jingine. Hatari iko kwenye kule yanakohamia. Tangi safi likiwa mbele na chafu likiwa nyuma ya ekseli, utatoka nyumbani pua ikiwa nzito na utarudi mkia ukiwa mzito, na karavani yenye mkia mzito huanza kuyumba nyuma ya gari kadiri mwendo unavyoongezeka. Liweke tangi karibu na ekseli, likiegemea mbele kidogo. Na hata ukiliweka vizuri, limwage kabla ya kusafiri, kwani maji ya nusu tangi hupiga huku na huku kila unaposhika breki.

Usilitundike tangi kwenye mbao za sakafu. Sakafu ya umri huo mara nyingi imeoza pembeni na haionyeshi. Litundike kwenye chesisi, yaani mifupa ya chuma iliyo chini ya sakafu. Kwanza chukua bisbisi, uigonge na kuidunga yote. Panapobonyea panatengenezwa kwanza. Fremu ifanye kwa engo (pembe) ya chuma laini ya inchi 1½, yenye unene wa milimita 4: vipande vitatu vya kuvuka kutoka reli moja ya chesisi hadi nyingine, kimoja kila mwisho na kimoja katikati, na juu yake raba iliyokatwa kutoka tyubu ya lori. Funga kwa bolti za milimita 10 zenye nati za kujifunga, zipite ubavuni mwa reli. Ukitoboa kwenye ubapa wa juu au wa chini wa reli, unaidhoofisha pale pale inapobeba mzigo. Kuchomelea hatukupendekezi: chuma cha chesisi hizo ni chembamba, moto hukila, na juu yake kuna mbao kavu za miaka sitini. Paka redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi ya lami, mara mbili, hata ndani ya matundu. Chumvi ya bahari haina adabu. Na pale bolti ya stenlesi inapogusa bati la alumini, tia washa ya nailoni katikati, la sivyo alumini italiwa ikawa unga mweupe.

Tangi lenyewe liwe la polithini nene, jeusi, kwa sababu jua huvunja plastiki nyeupe haraka. Hapa ndipo mafundi wa nyumba hukosea: gundi ya PVC, ile ya paipu za plastiki ngumu, haishiki polithini, wala silikoni haishiki. Kinachotakiwa ni konekta ya tangi, yenye nati na raba pande zote mbili. Uzi wa konekta ya inchi 1½ una kipenyo cha karibu milimita 48, kwa hiyo toboa tundu la milimita 50 kwa msumeno wa duara, ulainishe kingo kwa kisu. Ili mkono ufike kukaza nati ya ndani, tangi liwe na kifuniko cha kuskurubu cha sentimita 15. Kaza kwa mkono, halafu robo mzunguko kwa spana, basi. Ukizidisha, raba itapanuka na kutoka.

Matundu ni matatu: la kuingizia maji, juu ubavuni, la hewa, kwenye kona ya juu kabisa, na la kutolea, chini kabisa. Lilaze tangi kwa sentimita 2 kuelekea upande wa kutolea. Vali iwe ya inchi 1½, ya kugeuza robo duara, na ikae ndani ya mstari wa fremu. Paipu ya hewa iwe ya inchi 1¼, ipande ndani ya kabati hadi itokee darini, ifunikwe kwa wavu wa mbu wa chuma. Wavu huo si pambo: mbu wa Culex hupenda maji machafu kama haya, na huku pwani ni mmoja wa wanaoeneza matende.

Viungo vya PVC visugue kwa msasa, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo, shikilia nusu dakika, uache mpaka kesho. Kisha jaza tangi hadi juu, funga karatasi ya shashi kila kiungo, ulale. Shashi kavu asubuhi, endesha polepole kilomita 10 tangi likiwa limejaa, uchungulie tena. Mara nyingi konekta huvuja baada ya mtikisiko, si kabla.

Kifaa cha umeme cha kuonyesha kiasi cha maji usinunue. Sabuni na mafuta hukigandia, kikawa kinadai tangi limejaa siku zote. Mpira mwembamba unaopenya mwanga, uliofungwa ubavuni kutoka chini ya tangi hadi juu, unasema kweli.

SWALI: Karavani yetu iliwekewa tangi mwaka jana na fundi wa mtaani. Sasa sinki linabwabwaja kila tukimwaga maji, bafuni kunanuka mayai mabovu, na jana maji meusi yalipanda kwenye sahani ya bafu. Tangi lina kasoro? — Bibi na Bwana, Watamu

JIBU: Tangi halina kosa. Tunadhani halina paipu ya hewa, au ipo lakini imeziba. Nyigu hupenda kujenga humo. Maji yanapoingia, hewa iliyo ndani inatafuta njia, na njia pekee ni kupitia trapu ya sinki: ndiyo mbwabwajo. Maji yanapoteremka kwa kasi yanavuta hewa nyuma yao, yakanyonya na maji ya trapu ya bafu. Trapu ikishakauka, harufu ina mlango wazi. Wekeni paipu ya hewa kama tulivyoeleza hapo juu, itokee juu kuliko ukingo wa sinki. Ikiishia chini ya sakafu, siku tangi litakapojaa maji yatatokea hapo.

Yale meusi ya bafuni ni jambo jingine: tangi lilijaa. Tundu lililo chini kuliko yote ndilo maji hulitokea kwanza, na katika karavani tundu hilo ni la bafu. Kwa joto la Watamu maji ya sabuni huanza kuoza ndani ya siku moja au mbili, hewa ikiisha ndani yake, ndipo yanapotoa harufu ya mayai. Mwageni kila siku. Msitie dawa ya klorini kwa wingi, na kamwe msiichanganye na siki au dawa ya choo ya asidi. Mvuke wake ni sumu.

Halafu tazameni sufuria zenu. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi, na asubuhi za msimu wa kusi hufika hapo. Tui lililobaki kwenye sahani huteremka likiwa maji na kuganda usiku kwenye kona ya trapu, likakamata chembe za wali. Futeni sahani kwa karatasi kabla ya kuosha. Mchanga nao: oshea miguu nje, kwenye karai, kabla ya kupanda. Tumefungua matangi yaliyokuwa na mchanga theluthi nzima.

SWALI: Karavani yangu haisafiri tena, imesimama shambani. Naweza kumwagilia mchicha maji yake? — Mwenye shamba, Mambrui

JIBU: Mchicha hapana, wala mboga yoyote ambayo majani yake yanaguswa na maji hayo. Migomba ndiyo, na minazi. Na kwa karavani iliyosimama, tangi la chini ni gharama ya bure. Toa paipu moja kwa moja hadi kwenye kisanduku cha kunasa mafuta. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko inatosha, maji yakiingilia juu na kutoka kwa elbo iliyozamishwa katikati, mafuta yakibaki juu na mchanga chini. Kutoka hapo yaingie kwenye shimo lililojazwa kokoto na kufunikwa majani makavu, katikati ya migomba. Kisanduku kiteke mafuta na mchanga kila wiki. Kama ardhi yako ni ya mawe ya matumbawe, kaa mbali na kisima, kwani mwamba huo una nyufa na maji hupita bila kuchujwa.

SWALI: Assalam aleikum. Nina jahazi la kulaza wageni. Tangi kama hilo la karavani laweza kuingia chomboni? — Nahodha, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, nahodha. Tangi pana la sentimita 100 kwa 60, hapana. Likiwa nusu, chombo kikilala kwa upepo maji yote hukimbilia upande ule ule ulioinama, yakauongezea mlalo. Weka mawili membamba, moja kila upande wa mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, katikati ya chombo na chini kabisa, yasiunganishwe kwa paipu. Kwa uzito yatachukua nafasi ya sehemu ya farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, lakini kwa kuwa hujaa na kumwagwa, usipunguze farumi kwa hesabu ya tangi lililojaa.

Humo ndani tangi liko chini ya usawa wa bahari, basi halijimwagi: unahitaji pampu ya mkono ya kusukuma, na paipu yake ipande mpaka chini ya sitaha kabla ya kushuka tena, bahari isirudi ndani. Usiliunganishe na ngama, pale chini chomboni panapokusanyika maji. Maji ya ngama yana mafuta ya injini, na siku ya kuyafua, yaani kuyatoa chomboni, hutaki kuchanganya mambo.

Kwa safari ya siku moja, jerikeni nne za lita 20 zilizofungwa kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, zinafanya kazi ile ile, na mabaharia wawili wanazishusha Mkomani, mjini Lamu, bila pampu. Ukizisuuza, zigeuze mdomo chini zikauke. Chikungunya iliyoikumba Lamu mwaka 2004 ilihusishwa na mbu waliozaana kwenye maji yaliyowekwa majumbani, na jerikeni yenye maji kidogo ya kusuuzia, ikiachwa wazi wiki moja, inawatosha.