Maswali na majibu: Jake Gibbs, mdakaji aliyerudi chuoni kufundisha

Makala iliyopita ilimhusu Jake Gibbs, mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira ya mrushaji) wa timu ya New York Yankees aliyeacha besiboli ya kulipwa mwaka 1971 akarudi kufundisha chuo alichosoma, Chuo Kikuu cha Mississippi, maarufu kama Ole Miss. Maswali ni mengi. Nimechagua yale yatakayowafaa wengi.

Mchezaji mwenye wastani wa kupiga wa .233 (mapigo safi 233 kwa kila zamu 1,000) anastahili kweli makala nzima?

Swali hili linarudi kila tukimzungumzia mdakaji, na muulizaji huwa ametazama safu moja tu ya takwimu. Katika mechi ya inningi (vipindi) tisa mdakaji hupokea mipira zaidi ya mia moja. Kupiga, anapata zamu nne hivi. Ni yeye anayemchagulia mrushaji aina ya mpira, anayewapanga wenzake, anayemzuia mkimbiaji asiibe besi, yaani asikimbilie besi inayofuata kabla mpira haujapigwa. Wengine wote wanamwelekea yeye, naye peke yake anauona uwanja mzima mbele ya macho yake.

Gibbs alicheza mechi 538 akiwa na Yankees na kupiga homurani 25 (mapigo yanayompa mpigaji mzunguko mzima wa besi). Mwaka 1967 mdakaji mwenzake Elston Howard aliuzwa Boston, na Gibbs akawa mdakaji mkuu hadi mdakaji kijana Thurman Munson alipoibuka. Mwaka 1970, akiwa wa akiba nyuma ya Munson, alipiga .301. Lakini hata asingepiga hivyo, kazi aliyokuja kuifanya chuoni aliisomea akiwa amechuchumaa nyuma ya besi ya nyumbani, si akiwa na gongo mkononi.

Alikuwa mdakaji tangu utotoni?

Hapana, na makocha wa shule walizingatie hili. Aliposajiliwa mwaka 1961 alikuwa mchezaji wa ndani, yaani mlinzi wa eneo la besi: besi ya tatu na nafasi iliyo kati ya besi ya pili na ya tatu. Yankees ndio waliomgeuza mdakaji akiwa mtu mzima. Mchezaji wa ndani mwenye mkono mwepesi na miguu myepesi hugeuka vizuri. Acheni kumvalisha kinga mtoto mnene kuliko wote mkadhani mmepata mdakaji.

Yankees walimlipa takriban dola 100,000 kabla hajacheza hata mechi moja. Iliwezekanaje?

Utaratibu wa klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu ulianza 1965. Kabla ya hapo klabu zilishindana kwa fedha, na Gibbs alikuwa akitakiwa pia na timu za futiboli ya Kimarekani. Alikuwa kwotabeki (kiongozi wa mashambulizi) aliyeshika nafasi ya tatu katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 1960.

Ni kweli yeye ndiye aliyeupiga kwa mguu, katika futiboli, ule mpira ambao Billy Cannon wa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) alikimbia nao yadi 89?

Ndiye. Tarehe 31 Oktoba 1959, LSU wakashinda 7-3. Ole Miss walilipa kisasi siku ya mwaka mpya, 21-0.

Akiwa kocha, alitwaa ubingwa wa besiboli wa vyuo unaochezwa Omaha?

Hakutwaa. Alimrithi Tom Swayze, kocha aliyemfundisha yeye mwenyewe, na msimu wake wa kwanza, 1972, akaifikisha timu Omaha. Alichukua ubingwa wa SEC (umoja wa vyuo vya kusini-mashariki) mwaka huo na tena 1977, akafundisha hadi 1990 na kuondoka na ushindi 485. Taji la Omaha lilikuja kwa Ole Miss 2022 chini ya Mike Bianco, ambaye naye alikuwa mdakaji, wa LSU. Hilo halinishangazi hata kidogo.

Nafanya mazoezi Uganda kama mdakaji Dennis Kasumba, bila vifaa kamili. Vidole vinaniuma kila siku. Nifanyeje?

Acha kudaka leo hadi vidole vipone, na kilichovimba kikapigwe picha hospitali. Bidii ya Kasumba, iliyomfikisha timu ya Frederick Keys ya Marekani mwaka 2023, ni ya kuigwa. Kudaka bila kinga si ya kuigwa na yeyote.

Wadakaji wa zama za Gibbs walivunjika vidole mara kwa mara kwa sababu walifundishwa kudaka kwa mikono miwili: mkono mtupu ulikaa kando ya glavu, na mpira uliochepuliwa na gongo uliukuta hapo. Glavu yenye bawaba (inayokunjika katikati), iliyoenezwa na wadakaji Randy Hundley na Johnny Bench mwishoni mwa miaka ya 1960, iliruhusu kudaka kwa mkono mmoja. Kwa hiyo: besi zikiwa tupu, mkono mtupu uende nyuma ya kisigino cha kulia. Kukiwa na mkimbiaji, ukae nyuma ya glavu, ngumi imekunjwa kwa ulegevu, dole gumba ndani ya vidole vinne. Usiufungue mpaka mpira umetua kwenye glavu.

Kama fedha ni chache, anza na kinga ya uso na kinga ya sehemu za siri, kisha kifua, kisha magoti na ugoko. Hakuna mazoezi ya mpira wa kasi bila hizo mbili za kwanza.

Natupa mpira kwa nguvu lakini wakimbiaji wananiibia besi ya pili. Tatizo ni mkono?

Karibu kila mara ni miguu. Hadi besi ya pili ni mita 38.8. Mdakaji mzuri hutumia sekunde 2.0 tangu mpira kugusa glavu yake hadi kugusa glavu ya mwenzake, na huwezi kuzifikia ukisimama wima kwanza. Mguu wa kulia upige hatua fupi mbele mpira unapoingia, glavu ivutwe hadi sikio la kulia, vidole vishike mpira kukatiza mishono. Mpira ukikengeukia upande wa besi ya kwanza, bega lako la kushoto limefunguka mapema. Halafu mpime na mrushaji wako: akichukua zaidi ya sekunde 1.4 tangu aanze kurusha hadi mpira ukufikie, wizi huo ni wake.

Mwanangu wa miaka 12 anarusha na kudaka siku moja. Kuna ubaya?

Upo. Kanuni ya Little League, ligi ya watoto: aliyedaka inningi nne au zaidi harushi siku hiyo.

Kuna wakala anadai fedha anipatie udhamini wa chuo Marekani. Nimlipe?

Usimlipe. Kocha wa chuo hauzi nafasi. Jisajili mwenyewe na kituo cha kuhakiki sifa cha NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hakikisha una masomo 16 ya msingi wanayoyataka, kisha watumie makocha video fupi isiyohaririwa: kutupa mara tano besi ya pili, kuzuia mipira ya chini, kupiga. Na usihesabu udhamini kamili: hadi msimu wa 2024-25 timu ya daraja la kwanza iligawana udhamini 11.7 tu. Sasa, kwa vyuo vilivyokubali utaratibu mpya, ukomo ni wachezaji 34, lakini chuo hakilazimiki kuwalipia wote.

Kocha wetu anaamua aina ya kila mpira utakaorushwa kutoka benchi kwa kifaa cha mkononi. Ni vizuri?

Kwa matokeo ya Jumamosi hii, labda. Kwa mdakaji, ni hasara. Asiyeachiwa kuchagua kati ya mpira wa kasi na wa kupinda, hesabu ya mipira mizuri na mibaya ya mpigaji ikiwa sawa, hatajua kwa nini ameshindwa. Mwombeni awaachie inningi tatu za kwanza, kisha mkae naye baada ya mechi mpitie kila mpira uliopigwa vizuri.