Mama amevunjika nyonga na anasahau kuwa amevunjika: tumwache kitandani?

SWALI: Mama ana miaka 79 na ugonjwa wa kusahau. Alianguka bafuni, akavunjika nyonga, akawekewa ya bandia. Hii ni wiki ya tatu nyumbani. Mazoezi hataki, anatusukuma. Usiku anasahau kuwa aliumia, anainuka peke yake kwenda msalani. Wajomba wanasema alale tu mpaka mfupa uunge. Je, ni sahihi?

JIBU: Dada, pole sana kwa kuuguza. Asilale tu. Kwa nyonga ya bandia hakuna mfupa wa kusubiri uunge. Imewekwa ili mgonjwa akanyage mapema, mara nyingi kesho yake tu baada ya upasuaji, isipokuwa daktari wenu amekataza. Mimi naogopa kitanda zaidi: misuli inakwisha, damu inaganda miguuni, vidonda vinaanza makalioni na visiginoni.

Kuhusu kusukuma, kwanza shukuni maumivu. Mgonjwa wa namna hii ukimuuliza kama anaumwa anaweza kusema hapana, huku amekunja uso na kukaza mguu. Tazameni uso, sikilizeni anavyoguna akigeuzwa. Dawa aliyoandikiwa apewe kwa saa zake bila kusubiri aombe, na kumwinua kufuate kama nusu saa baadaye.

Halafu neno “mazoezi” liacheni kabisa. Mwambie, “Mama, njoo tuchambue mchele,” kiti kikiwa hatua chache kutoka kitandani. Jina la mjukuu linaweza kumpotea, lakini kazi aliyoifanya maisha yake yote mwili bado unaijua. Mpe agizo moja moja: “Shika hapa.” Ngoja. “Simama.” Msimvute mikono.

Usiku haja ndiyo inayomwinua, si ukaidi. Kama huamka saa nane, mwamsheni saa saba na nusu. Acheni taa ndogo ikiwaka, ondoeni mikeka njiani, wekeni kiti cha choo kando ya kitanda. Asichuchumae, maana nyonga ikikunjwa sana inaweza kuchomoka. Nakuomba sana, msimfunge kwa kanga, wala msimpe vidonge vya usingizi bila daktari, vinaongeza kuanguka.

Mguu ukifupika ghafla na kupinda, shavu la mguu mmoja likivimba, pumzi ikibana, au akichanganyikiwa kuliko kawaida yake ndani ya siku moja au mbili, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.