Kelele kwenye 3.3 V: anza kwa kukagua probu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeunda bodi ya ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi) inayosoma unyevu wa udongo. Betri ya 12 V inashushwa na chipu ya kushusha umeme, LM2596, hadi 3.3 V. Namba za kihisi zinarukaruka, na oskiloskopu inaonyesha kelele ya milivolti 180. Nimeongeza kapasita mpaka nafasi imekwisha, hakuna kilichobadilika. Ninunue kishusha umeme kingine?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usinunue kitu bado. Kama kelele yote ingekuwa kwenye bodi, kapasita hizo zingeipunguza japo kidogo. Nashuku sehemu kubwa ya milivolti 180 inaingilia kwenye probu yenyewe, yaani waya wa kupimia wa oskiloskopu.

Jaribu hivi: acha kibanio cha graundi ya probu pale kilipo, kisha gusisha ncha ya probu kwenye nukta ileile. Hapo hakuna voltiji ya kupima, kwa hiyo mstari unapaswa kulala. Ikiwa miiba (michomo mikali ya voltiji) bado imesimama, basi hiyo si kelele ya 3.3 V.

Inatoka wapi? Waya wa graundi wa sentimita 15 una induktansi (tabia ya kupinga mabadiliko ya mkondo) ya nanohenri 150 hivi, na pamoja na ncha ya probu unafanya kitanzi kinachodaka usumaku wa koili iliyo jirani. LM2596 hufungua na kufunga swichi yake kwa 150 kHz. Kila inapofanya hivyo, waya huo na pikofaradi kumi na kitu za probu hutikisika kwa zaidi ya 100 MHz, na wewe unauona mtikisiko huo kwenye skrini.

Ng'oa waya huo. Vua kofia ya probu, uvishe springi ndogo ya graundi iliyokuja kwenye pakiti ya probu (wengi huitupa, na ndiyo yenye thamani kuliko vyote mle), kisha pima moja kwa moja kwenye miguu miwili ya kapasita ya kutokea, ile iliyo upande wa 3.3 V wa LM2596. Weka ingizo la oskiloskopu kwenye AC (ili ionyeshe mabadiliko ya voltiji tu), na uwashe kizuizi chake cha 20 MHz, kinachokata masafa ya juu zaidi, unapotafuta viwimbi (mawimbi madogo ya voltiji) vya 150 kHz. Kizime unapotafuta miiba.

Viwimbi halisi unaweza kuvikadiria kabla ya kupima. Kwa koili ya 33 µH, mkondo hupanda na kushuka kwa karibu nusu ampea. Kapasita yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.1 itakupa milivolti 50 hivi. Ukipata hapo hapo, LM2596 yako ni nzima, na dawa ni kapasita ya kutokea yenye ukinzani mdogo zaidi. Ila usiweke kapasita za seramiki peke yake mahali pake, maana LM2596 huweza kuyumba ukinzani huo ukishuka mno.

Halafu hamia kwenye pini ya 3.3 V ya ESP32, upime Wi-Fi ikiwa inarusha. Voltiji ikizama hapo na kwenye kapasita imetulia, njia ya shaba kati yake ni nyembamba au ndefu mno.

Jambo moja nakusihi: kibanio cha graundi kimeungana na earth ya plagi ya oskiloskopu. Kwenye betri huna shida, lakini usikibane kamwe upande wa umeme wa ukutani wa chaja iliyofunguliwa.

Kama 3.3 V imetulia na namba bado zinaruka, weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye pini ya ADC (sehemu ya ESP32 inayogeuza voltiji ya kihisi kuwa namba) na uchukue wastani wa sampuli nyingi. ADC ya ESP32 ina kelele yake yenyewe.