Neno "Asiyejiweza" Katika Hati ya Kiapo

Katika miaka ya mwanzo ya uwakili wangu niliandaa hati ya kiapo ya mzee mmoja asiyeona, aliyekuwa akidai shamba lake katika baraza la ardhi. Kwa kutaka kumgusa mwenyekiti wa baraza, aya ya pili niliiandika hivi: "Kwamba, mimi ni mlemavu wa macho nisiyejiweza." Kamishna wa viapo alimsomea hati hiyo neno kwa neno, kama inavyopasa kwa mtu asiyeweza kuisoma mwenyewe, na alipofika hapo mzee akainua mkono. "Mwanangu," akaniambia, "shamba hilo nalilima kwa mikono yangu. Hapa unaniapisha uongo."

Nilianza kumweleza kwamba hiyo ni lugha tu ya mahakamani. Kamishna alifunika kalamu yake akanirudishia karatasi, na njiani kurudi ofisini ndipo nilipoona ukubwa wa kosa langu. Mdogo wake mzee, aliyekuwa mjibu maombi, alijitetea kwamba alilichukua shamba ili alisimamie kwa niaba ya kaka yake asiyeweza kujisimamia, naye alikuwa na hati ya makabidhiano yenye alama ya dole gumba. Utetezi huo nilikuwa nimemwandikia mimi, tena ndani ya kiapo cha mteja wangu. Hati mpya ilisema kwamba mleta maombi haoni, kwamba analima shamba hilo mwenyewe, na kwamba siku alipoweka dole gumba hakuna aliyemsomea kilichoandikwa. Kutoona kwake kulikuwa na kazi katika shauri, ila si kazi ile niliyokuwa nimeiandika mimi.

Tangu hapo, ninaposhauri wenzangu kuhusu lugha ya heshima kwa watu wenye ulemavu, sianzi na adabu, naanza na ushahidi. Neno unalomwita mtu katika hati ya kisheria ni dai juu ya uwezo wake, na upande wa pili unaweza kulishika. "Asiyejiweza" ni dai kubwa, na "anayesumbuliwa na ulemavu" ni dai la mateso ambayo pengine hayapo. Hata "mwenye mahitaji maalumu", neno linalopendwa kwenye hotuba, halifai katika hati, kwa sababu halielezi mtu huyo anahitaji nini: mkalimani wa lugha ya alama, mtu wa kumsomea, au mlango ambao kiti mwendo kinaweza kupita.

Ugumu unakuja pale sheria yenyewe inapotumia neno baya. Kifungu cha 137 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachohusu kuingiliwa kwa mwanamke mwenye ulemavu wa akili, nilikisoma chuoni kikiwa na maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili yangetoka kama "punguani" na "taahira". Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, mzigo wa kuamua maneno kama hayo yaitweje umetuangukia sisi tunaoandika kila siku. Ninachofanya ni kutaja kifungu kwa namba yake, na pale ninapolazimika kunukuu, nanukuu ndani ya alama za kunukuu. Maelezo yangu mwenyewe yanasema "mtu mwenye ulemavu wa akili". Bunge lilikwishatuonyesha njia: sheria mbili za mwaka 1982 zilihusu "walemavu", lakini ile Na. 9 ya 2010 inahusu "watu wenye ulemavu", mtu akiwa ametangulia. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi, kwani Ibara ya 54 ya Katiba yao ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha.

Hata hivyo, msigeuze kanuni hii kuwa kasumba. Wapo wanaotaka kulifuta kila neno la ulemavu lenye umbo la ngeli ya KI-VI, kama kiziwi na kipofu, wakisema linamweka mtu kundi moja na viti na vikombe. Hoja hiyo hainishawishi sana, maana kijana na kiongozi nao wamo humo. Viziwi wenyewe wanajiita viziwi, na chama chao, CHAVITA, ni Chama cha Viziwi Tanzania. Niliwahi "kumsahihisha" shahidi mmoja kiziwi nikamwandika "mwenye changamoto ya usikivu", na kupitia mkalimani wake akaniuliza changamoto hiyo ni ipi. Neno wanalolikataa ni "bubu", kwa kuwa lugha wanayo. Vivyo hivyo "zeruzeru" limeachwa, nasi tunaandika "mtu mwenye ualbino".

Siku hizi kila rasimu naisoma kwa sauti mbele ya mhusika kabla haijafika kwa kamishna. Mara ya mwisho alikuwa mama mmoja anayetumia kiti mwendo, akanitaka nifute aya nzima niliyoieleza kwa uangalifu mkubwa kuhusu ajali yake, kwa sababu shauri lake lilikuwa la kodi ya pango.