Mwanangu, kuhusu hizo dendrima na pampu yako

Mwanangu kipenzi,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili jana usiku, unauliza hizo dendrima ni kitu gani, na kama dawa ya kuvuta inayobebwa nazo inakuja kweli kwa nini uendelee kuhangaika na pampu yako ya pumu, ile ya kahawia, asubuhi na jioni. Mama yako nimekaa dirisha la famasi miaka mingi, acha nikujibu.

Dendrima ni molekuli inayojengwa kama mti, yani kiini kipo katikati kinatoa matawi, kila tawi linatoa mengine mawili, na kila mzunguko wa matawi wanauita kizazi. Hata jina limetokana na neno la Kigiriki la mti. Zile za PAMAM, aina moja ya dendrima ambayo Donald Tomalia na wenzake wa kampuni ya kemikali ya Dow kule Michigan, Marekani, waliitangaza 1985, kizazi cha sifuri kina ncha 4, cha kwanza 8, ukifika cha nne ni 64, na bado yote ina upana wa nanomita 4 na nusu hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Dawa inakaa katikati ya matawi au inafungwa kwenye ncha. Hapo ndo panaponifurahisha, maana beklometasoni, hiyo hiyo ya kwenye pampu yako ya kahawia, haipendani na maji kabisa, na maabara wameshaonyesha kwamba ikibebwa na dendrima inayeyuka vizuri zaidi na unaweza kuiweka kwenye nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke wa kuvuta.

Sasa sikiliza. Dendrima haiendi mapafuni yenyewe, inapakiwa kwenye tone la maji au punje ya unga ya mikromita 1 mpaka 5 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), kubwa zaidi ya hapo inaishia kooni, ndogo sana inaelea tu na nyingine unaitoa ukishusha pumzi. Kwa hiyo hata ikija bado itategemea unavyovuta. Wewe ulikuwa na miaka 6, kifua kinabana mpaka mbavu zinaingia ndani, ukipuliziwa pampu unakohoa yote, nikachukua chupa ya maji ya nusu lita nikatoboa kitako kwa waya wa moto, tundu likabana pampu barabara, ukaweka mdomo kwenye shingo ya chupa ukavuta taratibu mara tano sita. Mbavu zikatulia, nikalia jikoni peke yangu.

Na dendrima zina shida yake, ncha za amino, zile zenye naitrojeni, zina chaji chanya, zikigusa seli zinaweza kutoboa utando wake, ndo maana wanazifunika kwa PEG, minyororo mirefu ya molekuli inayopendana na maji. Nafurahi hawaharakishi, mapafu si kitu cha kujaribia ovyo. Liposomu, vifuko vidogo vya mafuta vya kubebea dawa, zenyewe zimeshafika, amikasini (antibiotiki) ya kuvuta iliyofungwa ndani yake iliruhusiwa Marekani 2018, ila ni ya maambukizi sugu ya mapafu, si ya pumu, na dendrima ya kuvuta bado haijafika kwenye rafu za famasi. Naiombea ifike.

Kwa hiyo usiache ya kahawia hata kama wiki nzima kifua kiko safi, maana kiko safi kwa sababu yake, pampu ya bluu ni ya kukuokoa tu kifua kikibana. Ukishavuta sukutua mdomo uteme, usije ukaota utando mweupe kwenye ulimi. Ukija Desemba njoo na pampu zote mbili, nataka nikuone unavyovuta, na chupa nitakuwa nimeshaitoboa.

Mama