Mkuu, iweke hiyo lenzi begini kwanza, ukamsalimie dereva

Mkuu, usikae ng'ambo ya geti la bandari na hiyo lenzi ndefu. Nimesoma ulichoandika mara mbili na moyo umenienda mbio. Unasema unakuja Mtwara wiki ijayo kupiga picha malori ya msimu wa korosho, utajibanza mahali madereva wasikuone, halafu jioni unaweka picha mtandaoni na namba ya gari, jina la kampuni, mahali na saa, "ili ziwe kumbukumbu". Umeuliza pia usimame wapi, saa ngapi, na utegemee kuona magari gani. Hayo tutayafikia. Hili la kujibanza haliwezi kusubiri, kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi Novemba 2023, neno kwa neno, na baba wa watu akapoteza kazi.

Ilikuwa Mikindani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pale barabara inapoizunguka ghuba. Nimekaa nyuma ya ukuta wa gofu la zamani, kamera juu ya goti. Likaja lori linatokea upande wa Masasi: Scania 113, kichwa cha difu mbili, yaani ekseli mbili za nyuma zinasukuma, namba ya usajili ya herufi A, za zamani, kabini ya bluu iliyopauka, korosho zimejaa na turubai limekazwa kamba hadi linang'aa. Wanaojua Scania za zamani watanielewa. Kwenye hizo, namba ya modeli iliyoandikwa mbele, siyo ya usajili, ndiyo wasifu wa gari: tarakimu mbili za kwanza ni ujazo wa injini kwa lita, ya tatu ni toleo. 113 ni lita 11, toleo la 3, lililoanza kuuzwa mwaka 1987. Hebu fikiria, gari la ukoo huo bado linavuta korosho, na nyuma yake HOWO mpya mbili, malori ya Kichina, zimepanga foleni zinalisubiri. Nilipiga picha tisa na mikono inatetemeka kwa furaha.

Jioni nikaiweka iliyo bora. Namba ya kichwa inasomeka, namba ya tela inasomeka, jina la tajiri, mwenye gari, mlangoni linasomeka, na chini nimeandika mahali na saa. Watu wakasifu, wakasambaza.

Ambacho sikukiona ni magunia mawili ya mkaa yaliyofungwa kati ya kabini na tela. Tajiri aliyaona.

Kwa wasioujua msimu wa huku: korosho haitoki shambani ikaenda melini. Inakusanywa chama cha msingi cha ushirika, inapelekwa ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, inauzwa mnadani, ndipo mnunuzi anaisafirisha hadi bandarini. Kila kituo kina foleni yake, na foleni ya msimu inahesabiwa kwa siku. Posho ya yule mzee ilihesabiwa kwa safari. Akilala ghalani siku tano, anakula mfukoni mwake, yeye na utingo wake. Ndiyo maana alinunua mkaa njiani auze Mtwara. Kampuni yake ilikuwa imekataza mzigo wa pembeni, naye alilijua katazo hilo. Sibishani na hilo. Ila kumripoti haikuwa kazi yangu, na mimi ndiye niliyemripoti, kwa rangi kamili na saa kamili.

Utingo wake alinikuta sokoni wiki mbili baadaye. "Kaka, wewe ndiye uliyempiga picha mzee?" Nikadhani anataka nimtumie nakala. Akanionyesha simu: picha yangu, na magunia yamezungushiwa duara jekundu.

Nilikwenda kwa tajiri kumwombea. Alinipokea vizuri, akaniagizia soda, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kijana, umenisaidia sana." Sijawahi kusikia shukrani inayouma kama ile. Nilifuta picha siku hiyo hiyo, lakini ilikuwa imeshazagaa kwenye simu ambazo sizijui.

Mzee alikaa miezi minane bila gari. Nilimfuata kwake Magomeni, hapa hapa Mtwara, nikamwambia ni mimi. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Si ungenisimamisha, mwanangu? Ningeyashusha kwanza, ukapata picha safi."

Ningemsimamisha. Ilikuwa nyepesi kiasi hicho. Na angesimama, maana pale Mikindani wengi husimama kununua samaki.

Sasa niseme la aliyenifundisha, kwa sababu naona na wewe umeyanukuu maneno yale yale. Kuna mtu alikuwa anatufundisha kwenye kundi la simu, anajiita mtaalamu wa picha za magari. Kauli yake ilikuwa, "Lori bila namba ni harusi bila bibi harusi," na nyingine, "Dereva akikuona, picha imeshaharibika." Nilizimeza zote mbili. Nilipomweleza yaliyotokea, alijibu kwamba dereva alivunja sheria za kazi na mimi nimefanya kumbukumbu. Kumbukumbu ya nani? Yule bwana anapiga picha akiwa ndani ya gari lake, vioo juu, na hajawahi kukaa kibarazani na dereva hata mmoja akanywa naye chai. Anawafundisha vijana kuvizia binadamu kama anavizia ndege. Bado anafundisha, na nyinyi bado mnamnukuu, na ndiyo maana leo naandika kwa hasira.

Gharama haikuishia kwa mzee. Habari ilifika Mnazi Mmoja kabla yangu. Pale ndipo barabara ya Dar es Salaam, ya Mtwara na ya Masasi zinapokutana, na madereva wote wanasimama kula. Nilikuwa nikifika naitwa kwa jina. Baada ya ile picha nikiinua kamera milango inafungwa, na nikasikia kwa masikio yangu, "Huyo ni mpelelezi wa matajiri." Msimu mzima sikupata picha ya maana hata moja. Nilipata matairi na migongo ya tela.

Kuhusu geti: bandari ni eneo la ulinzi. Ukiwa na lenzi ndefu nje ya uzio, mlinzi hawezi kujua unapenda Scania. Kama unataka picha za ndani, andika barua ofisi ya bandari na usubiri jibu. Gari la jeshi ndiyo usilipige picha kabisa. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho na malori ya jeshi yakaja kusomba mzigo, nilitamani sana yale magari lakini kamera niliiacha nyumbani.

Usimame wapi? Mnazi Mmoja, asubuhi, kwa mama ntilie. Utaona kila kitu kikipita, kwa sababu reli iliyokuwa inatoka Mtwara kwenda Nachingwea, ile ya mpango wa karanga wa Waingereza, iling'olewa miaka ya 1960, na tangu hapo kila kilo inatembea kwa tairi. Makaa ya mawe yanatoka Mbinga kupitia Songea, Tunduru na Masasi, tela zimefunikwa na bado vumbi jeusi limeshika hadi kwenye taa. Malori ya saruji utayaona Msijute kwenye kiwanda cha Dangote. Hesabu ekseli, ni raha yake: zikiwa saba, uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari na mzigo ni tani 56, na ukitazama jinsi tairi lilivyokaa utaanza kukisia nani amejaza na nani amerudi tupu. Korosho zenyewe ni kuanzia Oktoba.

Lakini narudi kwenye salamu, kwa sababu hapo ndipo penye picha. Kamera ibaki begini. "Shikamoo mzee," au "Za safari, suka?" yaani dereva, kama ni rika lako. Mwambie unapenda nini kwenye gari lake, na ulijue kweli, usimdanganye. Omba ruhusa. Ukishapiga, mpe kioo cha kamera aangalie mwenyewe kabla hujaondoka, na umuulize, "Kuna kitu hapa usichotaka kionekane?" Akisema namba, funika namba. Akisema tela, kata tela. Akisema hapana kabisa, futa mbele ya macho yake, mshukuru, kaa naye mmalize chai. Mtandaoni usiweke siku hiyo hiyo, na saa usiiandike kabisa.

Na dereva aliyekubali anakupa usichoweza kukiona kutoka nyuma ya ukuta. Dereva mmoja aliniinamishia kabini mbele katikati ya mji ili nipige picha injini. Nimeambiwa kwamba lori lililoandikwa 113 limebeba injini ya 112, waliihamisha wao wenyewe chini ya mwembe kwa winchi ya kuazima. Utingo mmoja alinipandisha juu ya turubai akanionyesha fundo lake, alilofundishwa na baba yake. Lenzi ndefu haifiki huko.

Baada ya ile miezi minane, mzee alipata gari tena. Anavuta makaa ya mawe, kichwa ni Scania 124. Ukifika Mtwara niandikie, Jumamosi huwa anapumzika Mnazi Mmoja. Nilishamwambia kuna mgeni anakuja. Kasema uje, ila atalisafisha gari kwanza.