Magugu maji na mwani bwawani
Ndugu, umeuliza kwa nini bwawa lenu la samaki huko Rutamba, Lindi, haliwi kijani kwa mwani (viumbe vidogo vya majini vinavyoyapa maji rangi hiyo) pale lilipofunikwa na magugu maji. Sababu kubwa ni kivuli, ingawa mizizi ya magugu hayo, ile myeusi yenye nywelenywele, nayo ina kemikali zinazodumaza mwani. Gugu hilo ni geni, limetoka Amerika Kusini, lakini silaha hiyo hata mimea ya asili inayo: seratofilamu, ambayo huishi imezama bila mizizi yoyote, hutoa kampaundi zenye salfa zinazoikandamiza hasa sianobakteria, yaani bakteria wa kijani-buluu wanaofanana na mwani. Nisingekushauri kuyaacha magugu hayo yaenee, kwani yakioza huyarudishia maji nitrojeni na fosforasi, na mwani hustawi upya.